Kwa nini Desemba 25? Jibu kwa fundi anayechinja mbuzi wa Krismasi

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi seremala hapa Bagamoyo, ni Muislamu. Jirani yangu Mkristo kila mwaka huniita nimchinjie mbuzi wa Krismasi ili na sisi majirani tuweze kula. Mwaka jana tulipomaliza kazi tukahamia barazani kwa muuza kahawa, na hapo ubishi ukazuka. Mmoja akasema Desemba 25 ilikuwa siku ya mungu jua wa Warumi, Wakristo wameirithi tu. Mwingine akasema Kurani imetaja tende mbivu, na tende haziivi Desemba. Jirani yangu akabaki anakunywa kahawa yake kimya. Nani aliyeipanga siku hii? Ule mti na yule mzee wa ndevu vimetoka wapi? Na Wahabeshi mbona wao wanasherehekea Januari?

Jibu: Marahaba, fundi. Afadhali mbuzi alikuwa amekwisha kuchinjwa, maana ubishi wa tarehe ungeweza kuwakuta mpaka jioni jiko halijawashwa.

Nianze na jambo ambalo jirani yako angelisema kama asingejificha nyuma ya kikombe. Biblia haitaji siku aliyozaliwa Yesu. Haitaji hata mwezi. Katika Injili nne, ni mbili tu zinazosimulia kuzaliwa kwenyewe. Luka anatupa safari ya Bethlehemu, hori la kulishia ng'ombe, na wachungaji waliokesha makondeni. Mathayo anatupa nyota, mamajusi na hasira ya Herode. Wale mamajusi hawakuhesabiwa. Watu walisema watatu kwa sababu zawadi zilikuwa tatu: dhahabu, uvumba na manemane. Na huo uvumba usikutishe jina. Ni ubani, utomvu wa miti inayomea Somalia na kusini mwa Arabia, uleule ambao nyumbani kwako unatiwa kwenye chetezo. Nikisoma mstari ule kanisani, harufu inayonijia ni ya nyumba za Dunda siku ya Ijumaa.

Sasa tende. Rafiki yako hakukosea: Surat Maryam inamweka Bibi Mariamu chini ya mtende, naye anaambiwa autikise shina umwangushie tende mbivu. Tende za nchi zile huiva kuanzia Agosti hadi Oktoba. Lakini wapo wafasiri wa Kurani walioeleza kwamba mtende ule ulikuwa mkavu na ukazaa kwa muujiza, na muujiza hauwezi kutumika kama kalenda ya mkulima. Wakristo nao wana hoja ya namna hiyo. Bethlehemu iko vilimani, zaidi ya mita 700 juu ya bahari, na Desemba usiku wake una baridi na mvua. Wachungaji gani hao waliolala nje? Nimeisikia hoja hii ikitolewa kwa sauti kubwa mara nyingi, na mara zote inaishia palepale: inaonyesha kwamba Desemba ina mashaka, bila kutupa mwezi mwingine wa kuaminika.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba Wakristo wa karne mbili za mwanzo hawakuwa na Krismasi kabisa. Sikukuu yao ilikuwa Pasaka. Origene, mwalimu mkubwa wa Aleksandria, aliziona sherehe za kuzaliwa kuwa jambo la wenye dhambi, akasema katika Maandiko wanaofanya sherehe hizo ni Farao na Herode, na sherehe zote mbili ziliishia kwa mtu kuuawa. Kabla yake, karibu na mwaka 200, Klementi wa Aleksandria alikuwa ameorodhesha tarehe ambazo watu wa zama zake walizikisia. Moja inaangukia mwezi wa Mei. Desemba 25 haimo.

Inaonekana kwa mara ya kwanza Roma, katika kitabu cha kalenda cha mwaka 354. Kilitengenezwa na mwandishi wa hati nzuri aitwaye Filocalus kwa ajili ya tajiri mmoja. Ndani yake mna orodha ya kumbukumbu za wafia dini, iliyokusanywa mwaka 336, na mstari wake wa kwanza unasema kwamba Desemba 25 Kristo alizaliwa Bethlehemu ya Yudea. Ukifungua kurasa nyingine za kitabu hichohicho, penye sikukuu za serikali, unakuta siku hiyohiyo imeandikwa kuwa ya kuzaliwa kwa Asiyeshindwa, pamoja na mashindano 30 ya magari ya farasi. Huyo Asiyeshindwa ndiye Jua.

Kwa hiyo yule wa mungu jua ana pa kusimama. Kaisari Aurelianus alimjengea Jua hekalu Roma mwaka 274, na watu wengi wanaosimulia habari hii huishia hapo: Kanisa liliona sikukuu, likaichukua, likabadilisha jina. Hadithi hiyo ni fupi na tamu, na mimi mwenyewe niliifundisha hivyo darasani kwa miaka mingi. Kilichonifanya nipunguze sauti ni hiki: hatuna ushahidi wa zamani zaidi kwamba sikukuu ya Jua ilikuwa Desemba 25. Ushahidi wa kwanza wa sikukuu zote mbili umo katika kitabu kimoja cha mwaka 354. Nani alimwiga nani? Na ile sikukuu nyingine ya Kirumi inayotajwa sana, Saturnalia, ya karamu na zawadi, ilianza Desemba 17 na kwisha tarehe 23. Haikuwa siku hiyo.

Njia ya pili utaielewa vizuri kwa kuwa wewe ni fundi. Ukitaka kujua pa kufunga bawaba ya juu, unapima kutoka chini. Wakristo wa kale walipima kutoka upande wa kifo. Tertuliano wa Karthago, Mwafrika wa kaskazini, tayari miaka ya 200 hivi aliandika kwamba Kristo aliteswa Machi 25. Na palikuwa na wazo kwamba siku ya kuingia duniani na siku ya kutoka ni moja, yaani alitungwa mimba tarehe ileile aliyokuja kufa. Anza Machi 25, hesabu miezi tisa, unaangukia Desemba 25. Mwafrika mwingine, Augustino wa Hippo, mji ulio Algeria ya leo, aliieleza hesabu hii waziwazi. Zaidi ya hapo, huko Mashariki walikokadiria kifo kuwa Aprili 6, sikukuu yao ya zamani ilikuwa Januari 6. Pima tena: ni miezi tisa ileile. Waarmenia mpaka leo wanasherehekea Januari 6.

Mimi naiona hesabu ndiyo iliyozaa tarehe, na Jua likaisaidia kukua. Haiwezekani mtu wa Roma asiyajue yote mawili, maana Desemba 25 kwa kalenda yao ndiyo ilihesabiwa kuwa siku ambayo jua, baada ya kuzidi kupungua, linaanza kurudi. Mahubiri ya wakati ule yanaonyesha walivyohangaika. Augustino aliwaambia waumini wake kwamba siku hiyo wanaiadhimisha si kwa ajili ya jua hili bali kwa ajili ya yule aliyeliumba. Papa Leo Mkuu, karne ya tano, aliwakemea Wakristo wa Roma ambao walipofika ngazi za kanisa la Mtakatifu Petro waligeuka kwanza wakaliinamia jua linalochomoza, kisha ndiyo wakaingia kusali!

Mtu wa pwani asilishangae hili. Sisi tunayo Nairuzi, siku ya mwaka, iliyotufikia kutoka Uajemi na inayofuata mwaka wa jua. Kule Makunduchi, Unguja, watu wanapigana kwa migomba, wanachoma kibanda cha makuti, halafu wanakula. Wanaofanya hivyo ni Waislamu wanaofunga Ramadhani, na hakuna anayeamini kwamba wanaliabudu jua la Waajemi. Hata habari ya kuadhimisha kuzaliwa unaijua kwa kwenu. Maulidi yanasomwa Mfungo Sita kwa dufu na kasida, na ubishi kama yalikuwapo tangu mwanzo umeusikia barazani hapohapo, pengine kwa mdomo wa rafiki yuleyule wa tende.

Wakristo wenyewe hawajawahi kukubaliana wote. Mwaka 386 Yohane Krisostomo, akihubiri Antiokia, alikiri kwamba sikukuu hii haikuwa hata na miaka kumi tangu ijulikane kwao. Mwaka 1647 Bunge la Uingereza, chini ya Wakristo wenye msimamo mkali, liliifuta Krismasi kwa sheria. Scotland haikuifanya siku ya mapumziko ya taifa hadi 1958. Na hapa kwetu unawajua Mashahidi wa Yehova, ambao hawaisherehekei. Jirani yako alikuwa na haki ya kunyamaza; angeanza kujibu angejikuta anawatetea watu wasioelewana.

Tuje kwenye mapambo, ambako jiografia inachekesha kidogo.

Desemba ya Ulaya ni giza. Roma kwenyewe, mwishoni mwa mwezi huo, mchana una urefu wa saa tisa na dakika chache, na ukipanda Ujerumani ni mfupi zaidi. Mtu akiwasha mshumaa na kuingiza ndani mti wenye majani mabichi wakati miti yote nje imebaki mifupa, tunamwelewa. Bagamoyo, Desemba ndipo mchana wetu unapokuwa mrefu kuliko siku zote za mwaka, ingawa tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi kwetu haifiki hata saa moja. Kaskazi imeanza, maembe yamejaa, jasho linatiririka, na sisi tunaimba habari za theluji.

Mti ni desturi ya Wajerumani. Maelezo yake yanayojulikana sana yanatoka Strasbourg mwaka 1605: watu walisimamisha misonobari sebuleni na kuitundika maua ya karatasi, matofaa na vitu vitamu. Nje ya Ujerumani ulienea baadaye sana. Mume wa Malkia Victoria alikuwa Mjerumani, na picha ya familia yao ikiwa imeuzunguka mti, iliyochapwa katika gazeti la London mwaka 1848, iliwafanya Waingereza wengi wautake. Baadaye Wajerumani haohao waliifanya Bagamoyo makao makuu ya koloni lao hadi 1891, ila sitakuambia ni nani aliyesimamisha mti wa kwanza hapa.

Wa kwetu nyumbani naujua. Wiki moja kabla ya sikukuu tulitumwa ufukweni kukata tawi la mvinje, kwa kuwa vijiti vyake vyembamba kama sindano vinamdanganya mtu akaona msonobari. Tawi lilisimikwa kwenye ndoo ya rangi iliyojazwa mchanga, ndoo ikavishwa karatasi nyekundu. Halafu mama alitoa pamba ya duka la dawa, akaichana vipande, akaitandaza juu ya matawi taratibu kama anayefunga kidonda. Hiyo ndiyo theluji. Nyumba nzima hakuna aliyewahi kuiona theluji, lakini kila mmoja alikuwa na maoni kuhusu mahali pa kuiweka. Kufikia siku ya tatu tawi lilikuwa limekauka, vijiti vimetapakaa sakafuni, na pamba imekuwa ya kijivu kwa vumbi. Siku hizi watu wananunua miti ya plastiki, haikauki. Nje ya dirisha wakati wote huo ulisimama mti ambao Waswahili waliupa jina bila kuagizwa na mtu, mkrismasi, ule wenye asili ya Bukini, yaani Madagaska, unaowaka maua mekundu miezi hii na kumwaga zulia lake barabarani. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kufikiria kukata tawi la huo.

Kwa maoni yangu pambo lililotukaa vizuri kuliko yote ni pango. Hili lina mwanzilishi na tarehe: Fransisko wa Asizi, katika kijiji cha Greccio nchini Italia, mwaka 1223. Alitaka watu waone kwa macho dhiki ya mtoto aliyelazwa penye mifugo, akaleta hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda wa kweli, na misa ikasomwa hapo. Hapa kwetu pango linajengwa kwa mifuko ya saruji. Vijana wanaikung'uta vumbi, wanaifinyangafinyanga mpaka karatasi inajikunja, wanaipaka rangi ya kijivu na kahawia, kisha wanaibana juu ya fito. Usiku, kwa taa ndogo, utaapa ni jabali. Ndani wanawekwa Mariamu na Yosefu (huyu alikuwa seremala mwenzio), wachungaji na kondoo, lakini hori linaachwa tupu hadi usiku wa mkesha, ndipo Mtoto analazwa. Watoto wa Kiislamu wa jirani huja kuchungulia pia, na wanachouliza kila mwaka ni kama ng'ombe yule anakula nyasi za kweli.

Hata jina la sikukuu lina historia ya hapahapa. Umemsikia jirani yako akisema Krismasi, na kanisani kwake, kama ni Mkatoliki, wanasema Noeli. Krismasi tumelitoa kwa Waingereza, na kwao maana yake ni misa ya Kristo. Noeli ni neno la Kifaransa lenye mzizi katika Kilatini cha kuzaliwa. Na Wafaransa ndio walioleta misheni Bagamoyo. Mapadre wa Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walivuka kutoka Zanzibar mwaka 1868. Kanisa lao la kwanza ni la mwaka 1872, na mnara wake ndio ule ambamo mwili wa Livingstone ulilala usiku mmoja Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Waliojaza kanisa hilo hawakuwa wenyeji wa mji. Walikuwa watu waliokombolewa utumwani, wengi wao watoto, waliofika pwani kwa njia ya misafara kutoka bara, wengine wasijue hata walikozaliwa ni wapi. Nikifika pale huwa najiuliza walivyoipokea habari ya mtoto aliyezaliwa safarini kwa kukosa nafasi nyumba ya wageni. Ukienda, pita katikati ya miembe ya zamani mpaka kwenye jumba la makumbusho, yaliyokuwa makazi ya masista tangu 1876. Wewe kama fundi utazitazama mbao zake kuliko picha.

Ibada yenyewe, kwa desturi ya Roma, ina misa tatu: ya usiku, ya alfajiri na ya mchana. Hapa ya usiku ndiyo yenye watu, na ya alfajiri ndiyo yenye wanawake wanaowahi kurudi jikoni.

Mzee wa ndevu nitampitia haraka, kwa kuwa kusema kweli simpendi sana akiwa amevaa sufu kwenye joto letu. Asili yake ni Nikolao, askofu wa Myra, mji ulio Uturuki ya leo, karne ya nne. Sikukuu yake ni Desemba 6. Alisifika kwa kutoa kwa siri. Habari maarufu inasema alimtupia maskini mmoja mifuko ya dhahabu dirishani ili binti zake watatu wapate mahari. Waholanzi walimwita Sinterklaas, na Marekani jina likageuka kuwa Santa Claus. Shairi la mwaka 1823 lilimpandisha kwenye gari la kuvutwa na paa wa barafuni, kisha mchoraji Thomas Nast, kuanzia miaka ya 1860, akampa kitambi na umbo tunalolijua. Watu husema nguo nyekundu ni kazi ya Coca-Cola. Matangazo yao ya kuanzia 1931 yalimtangaza dunia nzima, lakini nyekundu alikuwa ameshaivaa kabla ya hapo.

Na ile siku inayofuata, Boksing Dei, haihusiani na ndondi. Kwa Waingereza wa zamani ilikuwa siku ya kuwapa watumishi na mafundi boksi lenye pesa au zawadi. Mkumbushe jirani, maana kwa hesabu hiyo fundi aliyechinja anadaiwa kitu zaidi ya paja.

Limebaki la Wahabeshi. Wao wana kalenda yao yenye miezi yake, lakini siku wanayosherehekea inalingana na Desemba 25 ya kalenda ya zamani iliyowekwa na Julius Caesar. Kalenda ile ilikuwa inachelewa kidogo kidogo, na mwaka 1582 Papa Gregori wa 13 akaisahihisha kwa kuruka siku kumi: watu walilala Oktoba 4, wakaamka Oktoba 15. Makanisa ya Ethiopia, Wakopti wa Misri na Waorthodoksi wa Urusi hawakuufuata usahihisho huo katika sikukuu zao. Leo tofauti imefika siku 13, kwa hiyo Desemba 25 ya kalenda ile inaangukia Januari 7 yetu. Ukraine nayo ilikuwa na mapumziko Januari 7, hadi sheria ya mwaka 2023 ilipoyafuta na kubakiza ya Desemba 25. Tofauti itaongezeka siku moja tena mwaka 2100, na wasipobadili kitu, kuanzia Januari 2101 Krismasi ya Wahabeshi itakuwa tarehe 8. Mbuzi wa siku hiyo watamtafutia mchinjaji mwingine.